Kisanduku Kinachotafuta Sura

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Hatujambo huku. Mama ni mzima, ila bado anakulaumu kwa kuondoka bila kumaliza kabati lake la jikoni. Mlango mmoja unaning'inia. Nimemwambia wewe ni fundi wa kamera, si wa makabati, akanijibu kwamba fundi ni fundi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hili nataka ulifikirie kwanza kabla hujafungua mdomo. Nataka kununua kamera.

Usicheke. Unalijua darasa langu: watoto kumi na wanne, wengine hawasikii kabisa, wengine wanasikia kidogo, na kazi yangu ni kuwafundisha kusoma midomo. Sasa Mkuu wa shule ameamua masomo yarekodiwe kwa video, watoto wayarudie nyumbani pamoja na wazazi wao. Masomo ni yangu, nimeyaandika kwa mkono wangu miaka kumi na mmoja. Lakini kikaoni Mkuu alisema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, kwamba labda mwenzangu mpya wa darasa la pili ndiye ayasome mbele ya kamera. "Yule ana sura ya video," akasema. Alikuwa anaongea nami huku akilitazama sikio langu la kulia, kama wanavyofanya wote wasiotaka macho yao yaangukie upande wa uso wangu ulioungua.

Nikaomba nipewe nafasi ya kurekodi somo moja la majaribio, mimi mwenyewe. Amekubali, na mwisho ni tarehe ishirini na tano Machi. Likipita, masomo yanabaki yangu. Lisipopita, nitamkabidhi yule binti daftari zangu, nikae nyuma ya darasa nimtazame akisema maneno yangu. Hilo sitaliweza, nakwambia wazi.

Basi nisaidie kuchagua. Nataka ndogo, ya kuingia kwenye mkoba, nipige nayo picha za kila siku pia: watoto uwanjani, Mama akigombana na majirani, chochote. Kwenye video ioneshe vizuri hadi ulimi unapogusa meno. Simu yangu haifai. Nimeshaijaribu, usiniulize sana.

Na swali moja. Kile kisanduku cha kijani kinachotafuta sura ya mtu kwenye skrini na kuifuata, kipo kwenye kamera zote? Vinatofautiana?

Dada yako


12 Februari

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama mlango ule hauna kosa, ni yeye anauvuta kama wana ugomvi.

Nimeisoma barua yako mara mbili hapa mezani, katikati ya bisibisi na vijibati vya skrubu, na mteja wangu mmoja amesubiri mpaka amenuna. Huyo Mkuu wenu asinitibue. Tutamtafutia kamera ya kumfunga mdomo.

Unachotaka ni hizi kamera zisizo na kioo ndani. Zamani kamera ya maana ilikuwa na kioo kinachoruka kila ukibonyeza, ndiyo maana ilikuwa nzito na yenye kelele. Hizi za sasa hazina. Mwanga unapita kwenye lenzi na kuangukia moja kwa moja kwenye kibamba kinachopokea picha, nawe unaona kwenye skrini kile kile kitakachotoka. Kibamba chenyewe si kikubwa kuliko stempu, na kina vidoa zaidi ya milioni ishirini, kila kimoja kinakusanya mwanga wake. Nazifungua kila siku, Dada, mwaka wa kumi na sita huu, na bado kila nikikifikia kile kibamba mkono unasita. Nahisi kama nimeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia tatu. Chukua ya kwanza. Skrini yake inageuka ikutazame, ina kizuia mtikisiko, ina tundu la maikrofoni, betri yake inakaa, na haipati joto hata ukirekodi somo zima. Ya pili ni nzuri pia ila itakuchosha bega. Ya tatu ni toleo la zamani, nimeiandika kwa heshima tu, kwa kuwa ndiyo niliyojifunzia kazi.

Kuhusu kisanduku, achana nacho. Kizime siku hiyo hiyo. Bandika utepe sakafuni, simama hapo, weka fokasi, yaani ukali wa picha, kwa mkono, basi. Wapigaji wa zamani wote walifanya hivyo na dunia haikuanguka.

Mdogo wako,
Bisibisi


23 Februari

Bisibisi,

Jumamosi nilikwenda dukani na karatasi yako mkononi. Nilikaa kule tangu asubuhi mpaka muuzaji alipotoka kwenda kula na kurudi, akanikuta bado nipo.

Uliyoichagua ni nzuri kweli. Inashikika, vitufe vyake viko pale pale kidole kinapotaka kwenda. Nilipiga nayo picha ya dirisha la duka, na nilipoikuza nikasoma jina la kampuni kwenye kifungo cha koti la mpita njia ng'ambo ya barabara. Nilisimama nikiitazama hiyo picha kama mtoto. Sikujua kwamba mtaani kuna vitu vingi hivyo.

Lakini nimechukua ya tatu.

Najua utapandisha mori. Ilinipendeza, ndiyo sababu. Imeingia kwenye mkoba kando ya chaki na kitambaa, na tangu juzi sijaiacha nyumbani. Nimempiga Mama picha akiwa anasoma risiti ya duka kwa hasira. Nitakutumia.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa yanayofuata.

Ya tatu? Umekaa dukani nusu siku, umeishika kamera nzuri, halafu ukaondoka na ya tatu? Kama ni muuzaji aliyekuzungusha, niambie nimwandikie barua ya peke yake.

Ninaijua hiyo kamera kama ninavyoyajua meno yangu. Ukirekodi dakika ishirini inapata joto na kujizima yenyewe, wala haikuagi. Betri yake ni ya kutegemea hisani. Haina kizuia mtikisiko. Haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo wanafunzi wako watasikia mwangwi wa darasa badala ya sauti yako.

Nimeisoma upya hiyo sentensi ya mwisho. Wanafunzi wako hawasikii. Nimeshaiandika kwa wino, iache hapo unicheke, lakini wazazi wao wanasikia, kwa hiyo hoja yangu bado imesimama kwa mguu mmoja.

Irudishe, Dada. Una siku chache kabla ya tarehe ya Mkuu, na sitaki ushindwe kwa sababu ya kifaa. Sura yako, maneno yako, kazi yako, vyote viko sawa. Kifaa ndicho kisichofaa. Na kama umeng'ang'ania kubaki nayo, basi angalau kizime kile kisanduku. Nakuomba sana kwa hili.

Bisibisi


10 Machi

Mdogo wangu,

Umenivunja mbavu na maikrofoni yako. Nimemsomea Mama, amecheka mpaka akasahau kabati.

Sasa nisikilize vizuri, maana nilikuficha jambo na nimechoka kulificha.

Tangu nipate simu yenye kamera, kisanduku chake hakijawahi kukaa usoni kwangu. Nikijirekodi, kinanipita na kwenda kutafuta mtu mwingine. Kikikosa mtu, simu inaweka fokasi kwenye ukuta ulio nyuma yangu. Ukuta unatoka safi, mpaka nyufa zinahesabika, na mimi mbele yake ni ukungu. Kwa kazi nyingine ningesema potelea mbali. Lakini wewe umelala chumba kimoja na daftari zangu, unajua: "pata" na "bata" kwenye midomo ni neno moja. Mtoto hawezi kuzitenganisha kwa midomo peke yake. Anatazama shavu, nyusi, macho, anapima na yaliyotangulia, ndipo anakamata. Anahitaji uso mzima. Na sitasimama kwenye utepe wako kama nguzo, maana nikifundisha nasogea, nainama, nageuka. Ni lazima kamera inifuate.

Ndiyo maana nilikaa dukani nusu siku. Muuzaji, mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, aliiweka kamera yako mezani na kunigeuzia skrini. Kisanduku kikaruka juu ya bega langu kikamkamata yeye. Nikamwomba asogee. Kikaenda kwenye tangazo la sabuni ukutani, kwenye uso wa yule mwanamke aliyechorwa. Akalibandua tangazo. Kikazungukazunguka, kikapotea, na mimi nikawa ukungu tena. Akasema mwanga hautoshi. Ni mtu mwema, mwanga ulikuwepo.

Ya pili haikuniona kabisa, mpaka alipobonyeza mahali, kisanduku kikatua kwenye jicho langu na kutulia. Nikafurahi. Nikamuuliza amefanya nini, akataka kuigeuza skrini. Nikasoma mwenyewe kwenye skrini: alikuwa ameiweka kwenye kutafuta wanyama. Tukatazamana. Halafu nikacheka mpaka nikatafuta kiti, na yeye maskini anaogopa kucheka. Nikamwambia, "Cheka tu baba, mwenye uso ni mimi."

Ndipo akainama akatoa hii kutoka kabati la chini, akaifuta vumbi kwa shati lake. "Hii ni ya zamani," akasema, "lakini na tuone."

Akaiwasha, akaipindua skrini yake initazame. Kisanduku kikaja usoni kwangu kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Nilipigwa na butwaa, mdogo wangu. Nikasogea kushoto, kikanifuata. Nikainama, kikainama. Nikageuza upande ulioungua, wote, nikijua hapa ndipo kitakaponiacha. Kikabaki. Mwisho nikaufunika upande mzuri kwa kiganja, nikabakiza ule mwingine peke yake. Kikatetemeka kidogo, kikatulia pale pale. Mashine haina huruma, Bisibisi. Haikuwa inanifanyia hisani wala kunilindia heshima, haijui hata kwamba mimi ni mwalimu. Ilitazama ikaona kuna mtu. Machozi yalinilengalenga pale kaunta, na mzee akajifanya anatafuta miwani yake.

Kwa hiyo iwe inapata joto, iwe inajizima. Siirudishi.

Ila nataka jibu. Umeniambia mara mbili nizime kisanduku, na mara ya pili uliniomba kama mtu mwenye homa. Kwa nini? Wewe hujawahi kuona simu yangu. Au umewahi kuona kitu?

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Nimewahi kuona. Siku Mama alipostaafu, mlipojipanga sebuleni nikapiga picha ya wote. Mlikuwa wanane kwenye skrini na visanduku usoni kwenu vilikuwa saba, kwako hakuna. Mpaka picha ya harusi iliyotundikwa ukutani ilipata cha kwake. Nikasema betri imekaa vibaya, nikaitoa, nikairudisha. Vikaja saba. Nikagusa skrini kwa kidole juu ya uso wako, kwa nguvu, kama nambonyeza mtu aamke, halafu nikapiga haraka na kusema imetoka safi. Nilidhani hukuona. Tangu siku hiyo nimekuwa nazima kisanduku kwenye kamera yangu kila nikija nyumbani, kabla sijavuka mlango.

Ulipouliza kuhusu visanduku, nilikuwaza umesimama dukani mbele ya watu, kamera inakuruka kama ilivyokuruka sebuleni, na mimi siko hapo hata kusema betri imekaa vibaya. Nilitaka usikione kabisa. Nilijiona mjanja. Kumbe nilikuwa nakwambia usijaribu, sawa tu na Mkuu wenu.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda rafu ya nyuma. Ninayo moja ya toleo lako, niliiweka kwa ajili ya vipuri. Nikaiunganisha, nikaiwasha, nikasema niielekeze kwenye picha yako nione mwenyewe. Dada, sina picha yako. Ninazo thelathini na kitu, na zote ni za upande wa kulia. Umekaa ukutani, umegeuka dirishani, umeinama kumpa mtu kitu. Nyumbani kiti chako kimekuwa kile cha pembeni tangu nizaliwe, na mimi nimekuwa nikikaa kulia kwako, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Wewe uliungua ukiwa na miaka miwili, mimi nikaja baadaye, nikaukuta mpango umeshapangwa, nikaufuata. Mimi ninayejua kila skrubu ya kila kamera siujui uso wa dada yangu ukitazamwa kutoka mbele. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Halafu nikakaa nikawaza kuhusu hiyo kamera. Nimewauliza mafundi wenzangu kwa nini ya zamani ikuone na mpya zisikuone, kila mmoja ana jibu lake na hakuna linaloniingia akilini. Ninachojua ni hiki: kisanduku hakizaliwi kinajua sura. Watu hukionyesha maelfu ya nyuso mpaka kishike. Basi pengine mahali fulani, miaka ile, mtu asiyekujua alikaa na rundo la picha, akakutana na uso kama wako, akauweka pamoja na nyingine zote, akaendelea na kazi. Sina ushahidi. Lakini nimekuwa nikiitazama hii kamera kama yako hapa mezani siku tatu sasa, na wateja wananiuliza kama ninaumwa.

Nakutumia mguu wa kamera, mfupi, na betri mbili. Gawa somo vipande viwili, ukimaliza cha kwanza fungua mlango wa betri ipoe. Usizime chochote.

Bisibisi


29 Machi

Mdogo wangu,

Mguu ulifika tarehe ishirini na moja, betri pia. Nimezisoma kurasa zako nikiwa nimekaa ngazini, sikuweza hata kufika ndani. Usijitese. Mimi pia nilikikalia kile kiti miaka yote na sikuuliza. Mama nimemsomea yote isipokuwa la kiti, hilo tutamwambia pamoja.

Nilirekodi Jumamosi, darasani, peke yangu. Uliyosema kuhusu joto ni kweli tupu: dakika ya kumi na tisa ikajizima katikati ya sentensi ya kumi na tatu. Nikafungua mlango wa betri, nikaipepea kwa daftari, nikaanza tena. Sentensi zilikuwa ishirini. Nilitembea, niliinama, niligeuka ubaoni na kurudi, na kila niliporudi kisanduku kilikuwa kinanisubiri.

Jumatano Mkuu akaja darasani na video mbili, yangu na ya mwenzangu. Alikuwa amemrekodi yule binti kimyakimya, kwa sentensi nyingine, hakuniambia. Akasema hataki ubishi wa maneno, watoto ndio watakaoamua: waoneshwe zote mbili bila sauti, waandike kila wanachokiona kikisemwa. Nilikubali.

Ya yule binti ilitangulia. Ni mzuri na anasema pole pole, ila midomo anaibana. Watoto waliandika, wakafuta, wakachungulia karatasi za wenzao. Kisha ikaja yangu. Sijawahi kujiona mkubwa kiasi kile, uso mzima ukutani, kila kovu na njia yake. Nilitaka kutoka. Nikawatazama watoto badala yake. Hawakuwa wanatazama kovu, Bisibisi. Kalamu zilikuwa zinakwenda na macho yao yameelekea juu, vichwa kumi na vinne vimetulia, na hakuna aliyechungulia kwa jirani. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuona inavyokuwa wanaponisoma, kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayekuwa ninasema.

Mkuu alikusanya karatasi, akakaa kwenye dawati la mbele, akaanza kusahihisha kwa kidole. Alizisoma nne au tano, akarudi kwenye ya kwanza, akakunja uso. Akaniuliza, "Sentensi ni ishirini, si ndiyo?"

"Ishirini," nikasema.

"Mbona hawa wameandika ishirini na moja?"

Nikachukua karatasi. Nambari moja mpaka ishirini zilikuwa zangu. Chini yake, kwa mwandiko wa yule msichana wa dirishani ambaye huwa hamalizi kazi, kulikuwa na ishirini na moja: "Kumbe naonekana." Nikachukua ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Karatasi kumi na moja kati ya kumi na nne, neno kwa neno.

Sikumbuki kuisema. Nadhani nilipomaliza nilisimama kidogo kabla ya kwenda kuizima kamera, nikaiangalia ile skrini, kisanduku bado kiko usoni, na midomo ikasema yenyewe. Kukata mwisho wa video sijui, hukunifundisha, kwa hiyo ilibaki. Sidhani hata kama sauti ilitoka.

Nikamweleza Mkuu kwamba hiyo si sehemu ya somo, ni mimi nilikuwa naongea peke yangu, na kwamba nitaomba mtu aikate. Yeye aliirudisha video nyuma, mpaka mwisho kabisa, akaiangalia bila sauti kama walivyoiangalia watoto. Akairudisha tena. Mara ya tatu niliiona midomo yake mwenyewe inajaribu kuifuata yangu.

Kisha akazipanga zile karatasi vizuri, akanirudishia, akasema tutaanza kurekodi Jumatatu, masomo yote, mimi na kamera yangu.

"Na hiyo ya ishirini na moja," akasema, "usiikate."

Dada yako